Kloni moja, babu mmoja: neno "monoklonali" linasema nini hasa

Bahasha moja ya hospitali inaweza kukuletea neno hili mara mbili. Kwenye karatasi ya maabara imeandikwa kwamba damu ya mama ina protini ya monoklonali, na daktari aliyeisoma hakutabasamu. Kwenye karatasi ya pili, ile ya dawa, kuna kingamwili ya monoklonali, na hiyo ndiyo inayotarajiwa kumsaidia. Mtu anayesoma karatasi hizo kwenye benchi la hospitali huko Upper Hill, Nairobi, foleni ya malipo ikiwa haisongi, ana haki ya kuuliza: sasa monoklonali ni ugonjwa au ni dawa?

Si ugonjwa wala si dawa. Neno hili linajibu swali moja tu: hawa wametoka kwa nani?

Nairobi tumelizoea neno kloni kwa ubaya. Gari limebandikwa nambari ya gari lingine, laini ya simu imenakiliwa, akaunti feki ina picha yako na inawaomba marafiki zako pesa. Katika lugha hiyo kloni ni nakala, na nakala hupimwa kwa kufanana. Mwanabiolojia anaanzia kwingine. Kwake kloni ni ukoo mzima wa seli, mimea au bakteria waliotoka kwa mzazi mmoja bila mzazi huyo kuchanganya jeni na mwenzake. Kundi likitokana na ukoo mmoja wa aina hiyo huitwa monoklonali. Likiwa na koo nyingi zilizochanganyika huitwa poliklonali. Basi. Neno halisemi kundi ni baya, halisemi ni kubwa, na hapa ndipo wengi huteleza: halisemi kwamba wanaukoo wanafanana kila kitu.

Lilianzia shambani. Mwaka 1903 Mmarekani Herbert Webber alikuwa anatafuta jina fupi la mimea inayooteshwa kwa vipandikizi na machipukizi badala ya mbegu, akaazima neno la Kigiriki la kitawi. Kwa maana hiyo kloni tunazila kila siku. Ndizi zinazoshushwa Marikiti alfajiri zimetoka kwenye migomba iliyooteshwa kwa machipukizi, chipukizi juu ya chipukizi, bila mbegu. Chai ya TRFK 6/8 inayojulikana sana kwa wakulima wetu ni kloni iliyochaguliwa na watafiti wa Kericho. Kila mche wake ulianza kama jani moja na kipande cha kijiti. Na gugu maji lililolifunika Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata, hujisambaza hasa kwa kutoa vichipukizi pembeni, hivyo unachokiona kama maelfu ya mimea kinaweza kuwa, kwa hesabu ya asili, mmea mmoja. Wataalamu wa mimea wana majina mawili ya kuepuka mkanganyiko huo: jeneti ni kila kilichotoka kwenye mbegu moja, na rameti ni kila shina linalosimama peke yake. Huko Utah, Marekani, kuna msitu uitwao Pando wenye takriban hekta 43 na mashina yapatayo 47,000, na wote ni jeneti moja.

Shambani, hata hivyo, asili haina ubishi mkubwa. Mkulima mwenyewe ndiye aliyeshika kisu. Kazi inakuwa ngumu tukiingia mwilini, ambako hakuna aliyeiona seli ya kwanza ikigawanyika, na mgonjwa anapofika hospitali uvimbe tayari una seli bilioni. Utajuaje kwamba bilioni hiyo ina babu mmoja?

Sehemu ya jibu ilipatikana hapa hapa mjini.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa ajabu wa taya kwa watoto wa Afrika. Ni ugonjwa wenye kasi ya kutisha: meno yanalegea, shavu linajaa, na ndani ya wiki chache mzazi hawezi tena kujidanganya kwamba ni jino bovu. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kwa hadubini ya elektroni virusi ndani ya seli za uvimbe huo, ndivyo tunavyoviita leo virusi vya Epstein-Barr. Kwa hiyo kukawa na swali la haki kabisa. Kama virusi ndivyo vinavyogeuza seli, huenda vinageuza maelfu kwa mpigo, na uvimbe ni mkusanyiko wa koo nyingi. Au huenda ni seli moja tu iliyoasi na kuzaa jeshi zima.

Katika Hospitali ya Kenyatta, Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo, alikuwa akiwatibu watoto hawa. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi hadi Stockholm, kwa mtafiti George Klein. Na huko Seattle kulikuwa na Philip Fialkow na Stanley Gartler, waliokuwa na kipimo kilichofaa kwa swali hili.

Kipimo chenyewe kinategemea jambo ambalo Mary Lyon alilipendekeza mwaka 1961. Mwanamke ana kromosomu X mbili, moja ya baba na moja ya mama. Akiwa bado kiinitete, kila seli yake huzima moja kati ya hizo mbili bila mpangilio, na uamuzi huo hurithiwa na seli zote zitakazotoka kwake. Hivyo mwili wa mwanamke ni mchanganyiko: hapa seli zinazotumia X ya baba, pale zinazotumia X ya mama. Sasa, kwenye kromosomu X kuna jeni ya kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kimeng'enya hicho kina aina mbili zinazotofautishika kirahisi maabara, A na B. Msichana aliyerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine atakuwa na seli za A na seli za B, lakini hakuna seli moja itakayotoa zote mbili.

Fikiria mashabiki wa timu za mpira za Gor na Ingwe walivyochanganyika mtaani. Ukiokota watu arobaini kwa bahati nasibu, utapata wa kijani na wa buluu. Ukikuta boma lenye watu arobaini na wote ni Ingwe, hutadhani kwamba kila mmoja alirusha sarafu ikaangukia upande uleule. Utauliza babu yao alikuwa nani.

Ndivyo walivyofanya. Tishu husagwa, maji yake huwekwa kwenye kishimo cha bamba la wanga ulioganda, kisha umeme hupitishwa. Kimeng'enya hutambaa. Aina ya A hukimbia mbele kidogo, B hubaki nyuma, na rangi ikitiwa unaona mistari. Damu ya kawaida ya msichana mwenye aina zote mbili hutoa mistari miwili. Uvimbe wake ulitoa mmoja: mara A peke yake, mara B peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1970 katika jarida la Lancet, na Clifford ni mmoja wa waandishi. Uvimbe wa kila mgonjwa ulikuwa na asili ya kloni moja.

Kuna jambo hapa ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Utafiti huu usingewezekana kwa wagonjwa wa Stockholm. Aina ya A ya G6PD hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, ambako malaria imeuchonga mfumo wa damu yetu kwa maelfu ya miaka. Bila wasichana wa Afrika wenye A na B, mistari hiyo isingekuwa na la kusema. Tumezoea kusoma kwamba sayansi ililetwa hapa. Katika suala hili ushahidi ulitoka hapa ukapanda ndege.

Kimeng'enya hichohicho kilizua balaa kwingine. Gartler alipokipima katika aina 18 za seli zilizokuwa zikikuzwa maabara, akakuta zote zina A, ingawa nyingine zilidaiwa kutoka kwa Wazungu. Maelezo yaliyobaki yalikuwa moja: zilikuwa zimevamiwa na seli za HeLa, zilizotoka kwa Henrietta Lacks, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyefariki mwaka 1951. Watu walikuwa wamechapisha makala juu ya seli za ini na za utumbo kumbe wote wanamchunguza mama mmoja.

Lakini kabla ya utafiti huo wa uvimbe wa Burkitt kulikuwa na fibroidi. Mwaka 1965 Linder na Gartler walikuwa wameshatumia G6PD kwenye vivimbe vya kizazi ambavyo wanawake wengi tunaowajua wanaishi navyo. Kila fibroidi ilionyesha aina moja tu, ingawa katika kizazi kimoja ungepata moja ya A na jirani yake ya B. Yaani kila kivimbe kilikuwa na mwanzilishi wake. Na fibroidi si saratani. Hapa ndipo pa kushika kalamu na kuweka alama: monoklonali haina maana ya saratani. Saratani nyingi ni za monoklonali, ndiyo, lakini si kila cha monoklonali ni saratani.

Kosa la pili ni la wakati. Mstari mmoja kwenye bamba unasema kwamba seli zilizopo leo zina babu mmoja. Hausemi kwamba siku ya kwanza alikuwa peke yake. Huenda koo kadhaa zilianza pamoja, mmoja ukakua haraka na kuzimeza nyingine, na sisi tumefika wakati mshindi ameshabaki uwanjani. Kipimo kinachosoma mwisho wa mchezo hakiwezi kuapa kuhusu mwanzo wake. Ndiyo maana mwandishi makini husema uvimbe ni wa monoklonali ulipopimwa, na hukaa kimya kuhusu yaliyotangulia mpaka apate ushahidi mwingine.

Ushahidi mwingine wakati mwingine hupatikana. Mwaka 1986 Nancy Raab-Traub na Kathryn Flynn walionyesha namna ya kutumia virusi vya Epstein-Barr vyenyewe kama saa. Virusi vikiingia kwenye seli, DNA yake hujifunga kama pete, na pale miisho inapoungana hubaki idadi fulani ya vipande vinavyojirudia, idadi inayotofautiana kutoka uambukizo mmoja hadi mwingine. Seli ikigawanyika, watoto hurithi pete yenye idadi ileile. Kwa hiyo uvimbe ambao seli zake zote zina pete za urefu mmoja ulikuwa na virusi kabla ya kuanza kuzaana. Kama virusi vingevamia baadaye, kila seli ingekuwa na pete ya kipimo chake. Swali la nani alitangulia, virusi au uvimbe, likapata njia ya kujibiwa kwa kuhesabu vipande.

Na ukoo mmoja haumaanishi sura moja. Peter Nowell aliandika mwaka 1976 kwamba saratani huanza na seli moja kisha hubadilika kizazi kwa kizazi, huku dawa na kinga ya mwili zikichuja nani abaki. Ndani ya kloni kuu huzuka matawi. Tawi moja linaweza kuwa na badiliko la jeni linaloifanya dawa isishike, na hilo ndilo linalorudi wakati familia imeshafanya sherehe ya shukrani. Wakati mwingine linalorudi si tawi hata kidogo. Mwaka 1972 Fialkow, Klein na Clifford walieleza kisa cha Burkitt ambacho ugonjwa uliporudi ulitokana na kloni nyingine. Kwa mgonjwa ni jina lilelile la ugonjwa. Kwa asili ni ugonjwa mpya.

Turudi kwenye ile karatasi ya damu.

Kipimo cha protini kwa umeme hutoa mchoro kama mstari wa milima. Kilima kirefu cha kwanza ni albumini. Mwishoni, upande wa gama, ndiko ziliko kingamwili, na kwa mtu mwenye afya pale huwa na mwinuko mpana, laini, usio na ncha. Upana huo unatokana na wingi wa koo: seli B za mwili wako, zile seli za kinga zinazotoa kingamwili, ni za mamilioni ya aina, kila ukoo unatengeneza kingamwili yake tofauti kidogo, na zote zikichanganyika hazikubali kukaa mahali pamoja. Mtu akiwa na maambukizi ya muda mrefu, kama VVU visivyodhibitiwa, mwinuko huo hupanda lakini hubaki mpana. Hiyo ni poliklonali: koo nyingi zimeitwa kazini kwa pamoja.

Ila pakitokea mwiba, ncha moja nyembamba iliyosimama kama mnara, maana yake ukoo mmoja wa seli umezaana kuliko wengine na wote wanatoa protini ileile. Huo ndio mwiba wa monoklonali. Maabara huthibitisha kwa kuangalia kama protini hizo zina mnyororo mwepesi, yaani kile kipande kidogo cha kingamwili, wa aina ya kapa peke yake au lambda peke yake, kwa sababu seli moja huchagua mnyororo mmoja na watoto wake hawabadilishi. Unaona mantiki ni ileile ya A na B.

Mwiba huo unaweza kuwa mieloma, saratani ya seli za plazma, yaani seli B zilizokomaa, kwenye uboho. Unaweza pia kuwa hali isiyo saratani, ambayo madaktari huifuatilia tu. Katika tafiti za Marekani hali hiyo imeonekana kwa takriban asilimia 3 ya watu waliopita miaka 50, na huwapata watu Weusi mara mbili hadi tatu zaidi ya Wazungu. Kila mwaka karibu mtu 1 kati ya 100 walio nayo ndiye huingia kwenye mieloma au ugonjwa wa jamii yake. Kwa hiyo mjukuu akiona neno hilo kwenye karatasi ya nyanya yake asikimbilie kupiga simu kwa ukoo wote. Maswali ya kumuuliza daktari ni mengine: mwiba una ukubwa gani, figo ziko vipi, kalisi iko vipi, damu imepungua, mifupa imepigwa picha? Majibu ya hayo ndiyo yanayotenga ugonjwa na alama.

Dawa nayo? Hapo wanasayansi waliigeuza kasoro kuwa kiwanda. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, waliunganisha seli B ya panya iliyokuwa ikitoa kingamwili wanayoitaka na seli ya mieloma ambayo haichoki kugawanyika. Zao lake likawa na vipaji vya wazazi wote wawili. Ukitenga seli moja ya mchanganyiko huo na kuiacha izaane, unapata kloni moja inayotoa kingamwili moja, leo, kesho na mwaka ujao. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne.

Faida ni usahihi. Kingamwili za poliklonali zinazotoka kwenye damu ya mnyama aliyechanjwa ni kundi la watu wenye macho tofauti: kila moja inashika sehemu yake ya adui, na mnyama akifa kundi hilo halipatikani tena vilevile. Ya monoklonali inashika sehemu moja tu, kila mara. Kijiti cha kupima mimba kinachouzwa duka la dawa la mtaani hutegemea kingamwili za namna hii, na vivyo hivyo kile kipimo cha haraka cha malaria kinachochukua tone la damu kutoka kidoleni. Rituximab, inayotumika kwa saratani nyingi za seli B, nayo ni ya aina hii: inashika protini iitwayo CD20 juu ya seli hizo. Basi mtoto mwenye Burkitt anaweza kupewa dawa iliyotoka kwenye kloni moja ipambane na uvimbe uliotoka kwenye kloni nyingine, na karatasi zote mbili zitasema kweli.

Wanaofuatilia milipuko ya magonjwa nao wamelichukua neno hili, na hapo linahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2010 Samuel Kariuki wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, Nairobi, na wenzake walionyesha kwamba homa ya matumbo sugu kwa dawa nyingi nchini Kenya ilitokana kwa sehemu kubwa na ukoo mmoja wa bakteria, H58, uliokuwa umeenea pia Kusini-Mashariki mwa Asia. Ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli hazikufua dafu kwake. Ukisikia hivyo unaweza kudhani mgonjwa wa Mukuru na mgonjwa wa Kibera wenye H58 walikunywa maji ya mtungi mmoja. La hasha. H58 iliibuka Asia Kusini miaka ya 1980 na tangu hapo imesafiri mabara, kwa hiyo babu mmoja wa bakteria wao anaweza kuwa wa miongo iliyopita. Bakteria huyu hukusanya chini ya badiliko moja kwa mwaka kwenye DNA yake yote. Mchunguzi huisoma DNA ya sampuli zote mbili na kuhesabu tofauti: zikiwa sifuri au moja, anaanza kuuliza kuhusu mfereji, kisima na mama mboga, zikiwa ishirini, anajua njia zao zilitengana miaka mingi iliyopita.